Usibadili kocha na mfumo katika wiki moja

Mkuu, isimamishe hiyo barua ya kumfukuza kocha. Umeandika kwamba timu yenu ya mpira wa kikapu imepoteza michezo minne mfululizo, kwamba Ijumaa uongozi unamwondoa kocha na kumleta mwingine wa kikapu cha mbio, yaani wa kushambulia kwa kasi, na unauliza ni mazoezi mangapi yatatosha kubadili mfumo kabla ya mzunguko wa pili, na fidia ya kocha anayeondoka ihesabiwe vipi. Nilipofika kwenye neno "mbio" nililazimika kuweka kikombe cha chai mezani, kwa sababu barua ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, nikaigonga muhuri, na kulala usingizi mnono.

Nilikuwa meneja wa timu iliyowalipa wachezaji mishahara, midogo lakini ya kila mwezi. Tulicheza taratibu: mpira unaingia kwa namba tano wetu, yaani yule mchezaji mkubwa wa karibu na kikapu, mtu wa kilo mia na ushee aliyeweza kumsukuma beki kwa mgongo hadi chini ya kikapu, na wenzake wanakata kumzunguka. Tulipofungwa mara kadhaa kwa pointi chache, nilimsikiliza mshauri mmoja ambaye simtaji, kwani hadi leo ananidai nauli. Bwana huyo hajawahi kuendesha hata mazoezi ya watoto, ila alikuwa na simu iliyojaa video. Alinionyesha Cleveland Cavaliers wa ligi ya Marekani, NBA, waliomfukuza kocha David Blatt Januari 2016 akiwa ameshinda michezo 30 na kupoteza 11, wakampa timu Tyronn Lue, na Juni wakatwaa ubingwa baada ya kuwa nyuma kwa michezo 3-1 katika fainali mbele ya Golden State. "Umeona?" akaniuliza. Nikaona.

Alichonificha, au alichokuwa hakijui, ni kwamba Lue alikuwa msaidizi wa Blatt kwenye benchi lile lile na aliwafahamu wachezaji wote. Hata yeye, baada ya kufungwa na Chicago katika mchezo wake wa kwanza, alikiri kwamba wachezaji hawakuwa na pumzi ya kucheza kwa kasi aliyoitaka. Timu hiyo ya nyota LeBron James haikuwa na pumzi, lakini mimi niliamini kwamba vijana wangu, waliofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa saruji na baadhi yao wakitokea vibaruani, wangeipata kwa wiki mbili. Naomba msinicheke wote kwa wakati mmoja.

Kocha mpya aliingia Jumatatu, na kufikia Jumanne alikuwa ameifuta mipango yetu yote ya ushambuliaji. Alitaka mtupo upigwe ndani ya sekunde nane za mwanzo, ingawa sheria inatoa 24. Hakuna aliyefikiria kinachotokea mtupo huo unapokosa: namba tano wako ndiyo kwanza anavuka nusu ya uwanja, wapinzani wameshaokota mpira, naye anageuka kurudi huku wenzake wanne wakilinda dhidi ya watano. Yule bwana mkubwa alikimbizwa kama Mwenge, kila kona ya uwanja, bila kuugusa mpira. Kwa kuwa alichelewa kufika kwenye ulinzi, alifika kwa kugonga watu, na robo ya tatu ilimkuta mara nyingi ana makosa manne, amebakiza moja tu atolewe. Wiki ya nne goti likavimba na msimu wake ukaishia hapo, ilhali mkataba wake ulikuwa hai. Tulimaliza mwaka tukilipa makocha wawili na goti moja, na tulishuka daraja.

Kama mshauri wangu angekuwa mkweli, angenionyesha Los Angeles Lakers wa 2012, wa ligi hiyo hiyo. Walimwondoa kocha Mike Brown baada ya michezo mitano tu, wakamleta Mike D'Antoni na mbio alizofundisha akiwa Phoenix, ilhali Steve Nash alikuwa na miaka 38, Dwight Howard alikuwa ametoka kupasuliwa mgongo mwaka huo huo, na Pau Gasol, fundi wa karibu na kikapu, akasogezwa mbali nacho na wakati mwingine akaanzia benchi. Walimaliza na ushindi 45 na vipigo 37, Kobe Bryant akachanika kano ya kisigino Aprili 2013, na San Antonio wakawatoa 4-0 kwenye mtoano. Klabu hiyo hiyo ya Lakers mwaka 1981 ilimwondoa kocha Paul Westhead baada ya michezo 11, msaidizi wake Pat Riley akairudisha timu kwenye mbio, na 1982 wakawa mabingwa. Tofauti ni kwamba nyota wao Magic Johnson na wenzake walikuwa wakimbiaji tangu awali, na mrithi alitoka ndani.

Kwa hiyo, Mkuu, kama kocha hana budi kuondoka, mwondoe, umpe timu msaidizi wake na mfumo uuache ulivyo hadi dirisha la usajili lifunguliwe. Alhamisi nenda uwanjani, mwambie namba tano wako akimbie kutoka mstari hadi mstari mara kumi, kisha apige mitupo huru miwili. Akishika magoti kabla ya kufikisha mara ya sita, mpigie simu huyo kocha wa mbio umwambie mtaonana msimu ujao.