Tulikwenda Scarborough kukaa tu

Wiki hii mmeuliza: "Mapumziko yenu ya mwisho mlikwenda wapi, na je, mlirudi mmepumzika?" Swali la kwanza kila mtu atalijibu upesi. La pili ndilo lenye kazi, hasa kwetu sisi tunaoishi Ulaya, kwa sababu tukisema likizo huwa tunamaanisha kwenda nyumbani, na kwenda nyumbani, jamani, si mapumziko. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Leeds. Tukisafiri kwenda kwetu tunabeba mizigo ya watu: simu za wapwa, viatu vya mtoto wa jirani, vitamini za shangazi. Ukifika kuna arusi, kuna matanga, kuna aliyenuna kwa kuwa hukulala kwake, na kila asubuhi kabla hujanywa chai yupo mtu sebuleni aliyekuja kukusalimu tu, ila ana jambo. Furaha ipo, sikatai, na nisipokwenda moyo hauniwii radhi. Lakini narudi kazini hoi kuliko nilivyoondoka.

Kwa hiyo mara hii tulikwenda Scarborough, mji wa ufukweni mashariki mwa Yorkshire, mwanzoni mwa Septemba. Kutoka Leeds ni treni ya saa moja na robo hivi, kupitia York na Malton, na hakuna anayekupimia mzigo. Wakati tuliuchagua makusudi. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu England, na siku ile pwani hujaa watu hadi pa kutandika kanga hapapatikani. Ikishapita, shule zinafunguliwa, wenye watoto wanarudi makwao, vyumba vinashuka bei, na mji unabakia kwa wastaafu na mbwa wao, na kwa watu kama sisi ambao watoto wameshakua wakatawanyika. Sababu nyingine hutaiona kwenye matangazo ya watalii. Mwezi wa Juni huku jua linazama saa tatu na nusu usiku, na ukiisubiri Isha basi usingizi umeuaga. Mwanzoni mwa Septemba Magharibi inaingia kama saa mbili kasorobo. Mtu anaswali, anakula, analala kama binadamu wengine.

Najua mwanapwani akisikia bahari ya Waingereza atacheka. Acheke. Septemba ndiyo maji ya kule yamefikia joto lake la juu kabisa mwaka mzima, nayo ni nyuzi 14 au 15 tu, ilhali Mombasa hata Agosti, kipupwe chetu, hayapungui sana chini ya 25. Mzee wangu alikunja suruali, akatia vidole vya mguu, akavitoa, akasema yeye ameshaoga chumbani. Hatukuingia tena. Lakini mambo mengine tuliyatambua mara moja. Pwani ile inatazama mashariki kama yetu, jua linatoka baharini. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti yake inakaribia mita tano, kwa hiyo asubuhi mashua za bandarini zinaelea, na baada ya chakula cha mchana unazikuta zimelala ubavu topeni, kamba zimelegea. Mume wangu babake alikuwa mvuvi. Alisimama mbele ya jedwali la kujaa na kupwa lililobandikwa bandarini akalisoma lote, na toka hapo akawa ndiye anayepanga tutembee saa ngapi.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi la juu, South Cliff, ghuba nzima iko chini yako na ngome ya kale iko ng'ambo kwenye rasi. Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza:

"Mama watoto, sasa tunafanya nini?"

"Tumekaa."

"Tunamngoja nani?"

"Hatumngoji mtu."

Akanyamaza, ila mguu wake haukutulia. Yeye ni dereva wa basi, mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Miaka mingi tumekuwa tukipishana mlangoni, mmoja anavua koti mwenziwe analivaa. Kukaa pamoja bila saa ukutani tulikuwa tumesahau kunafanywaje, na hiyo siku ya kwanza, kusema kweli, ilitutia wasiwasi. Ya pili mguu ulitulia.

Nilichokuja kukiona ni kwamba mji ule umejengwa kwa ajili ya watu waliochoka, tena kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1620 iligunduliwa chemchemi chini ya jabali, maji yake yakasifiwa kuwa dawa, wenye nafasi wakaanza kumiminika. Baadaye madaktari wakaisifu bahari yenyewe. Kuna mchoro wa John Setterington wa mwaka 1735 unaoonyesha watu wakioga kwenye ufuko wa Scarborough, na kibanda cha magurudumu cha kubadilishia nguo kimo humo. Reli ilipofika 1845 matajiri hawakuwa tena peke yao. Viwanda vya sufu vya magharibi mwa Yorkshire vilikuwa vikifungwa kwa zamu mara moja kwa mwaka, kila mji na wiki yake, mafundi wa mitambo na wasokotaji nyuzi wakapanda treni na familia zao kwenda kuvuta hewa. Ukilijua hilo ndipo unaelewa kwa nini kila hatua ishirini kuna benchi, kwa nini kuna vibanda vya kukingia upepo ambavyo ndani hamna kitu isipokuwa kiti, na kwa nini mwaka 1875 waliweka lifti ya reli ya kuwapandisha watu jabalini, ya kwanza ya namna yake Uingereza, ili mtu aliyekuja kupumzika asichoke kwa kupumzika. Hata Hoteli Grand, iliyofunguliwa 1867, ilibuniwa kama kalenda: minara minne kwa majira, orofa 12, mabomba ya moshi 52, vyumba 365. Sisi hatukulala humo. Tulipanga chumba nyumba ya mtaani, mama mwenye nyumba akatuelewa haraka kuhusu soseji na bekoni, akatupa mayai na maharagwe.

Mabenchi mengi yana kibati cha shaba chenye jina la marehemu, na maneno kuwa alipenda kukaa hapo. Mzee wangu hakai kabla hajasoma. Anamtakia rehema mwenye benchi, kisha ndio anakaa, kama anayebisha hodi. Mara mbili tatu alinihamisha benchi kwa kuwa, alisema, huyu alikufa kijana mno.

Lakini kilichonichekesha zaidi kilikuwa Marine Drive, barabara inayozunguka chini ya jabali la ngome kuunganisha ghuba mbili. Magari yameegeshwa kwa safu yakitazama maji, ndani wamekaa mke na mume, wazee, vioo vimefungwa, chupa ya chai juu ya dashibodi, hawasemi. Tulipita gari baada ya gari. Nikamwambia, "Angalia, Lighthouse!" Maana jioni Mombasa, pale Lighthouse kwenye barabara ya ufukweni ya Mama Ngina, watu hufanya vivyo hivyo, gari linaelekezwa baharini, mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu inapokewa dirishani, madafu, viazi vya karai, na hakuna anayeuliza mmekuja kufanya nini. Tofauti ni kuwa kwetu kuna kelele na harufu ya mkaa. Huko ni chai na biskuti, na upepo unaolitikisa gari. Sikutegemea kwamba kitu cha kunikumbusha kwetu kitakuwa Waingereza wawili wenye makoti yanayofanana.

Chakula kina mtihani wake. Yorkshire samaki wao ni haddock, na chipsi na samaki hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Wenyewe wanajivunia, wanasema ndiyo ladha. Kwa Mwislamu anayejali ng'ombe alichinjwaje, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kupanga foleni: "Mnakaangia nini?" Wapo wanaotumia mafuta ya mboga, uliza tu, hawaoni vibaya. Wanatia chumvi na siki. Nilikuwa na kichupa cha pilipili mkobani, mwanamke wa Mombasa hasafiri bila hicho. Na mkifungua karatasi, kaeni migongo ukutani, kwa sababu shakwe wa pale ni wezi wa mchana. Mmoja alimnyang'anya bwana mmoja kipande kizima cha samaki mkononi, na bwana yule akamwomba radhi ndege.

Mashine za kuchezea sarafu zimejaa barabara ya mbele, kelele na taa, hatukuingia. Bustani ya Peasholm tuliizunguka ziwa lake polepole. Huko tangu 1927 wanaigiza vita vya majini siku maalumu za majira ya joto, manowari ndogo na mtu amekaa ndani akiiendesha, mizinga inalia, bata wala hawashtuki. Watoto wangu walipokuwa wadogo waliipenda vibaya. Wakubwa wanaipenda zaidi ila hawasemi.

Sitaki mnione nimeusifia mji kupita kiasi. Waingereza walipoanza kupanda ndege za bei nafuu kwenda Hispania, miji hii ilipoteza wateja wake, na ukiingia vichochoro vya nyuma utaona rangi iliyobanduka na maduka yaliyofungwa. Siku moja ukungu ulitoka baharini ukaifunika ghuba yote, mchana kutwa hatukuona maji tuliyoyafuata. Tukaenda Spa, ukumbi wao wa ufukweni, kusikiliza okestra yao, maana Scarborough bado ina okestra ya kulipwa ya ufukweni, jambo ambalo kwingine Uingereza limekwisha. Mume wangu alilala kwenye wimbo wa pili. Wanamuziki nadhani wamezoea.

Nilipomweleza shoga yangu mmoja hapa Leeds, aliguna. Alisema pesa zile zingemalizia paa la nyumba yetu ya Kisauni, kule Mombasa. Labda. Lakini nyumba ile tunaijenga tuje tukae barazani uzeeni, wawili, tukitazama njia, na mimi nilitaka nijue mapema kama mwenzangu anaweza kukaa. Watu wanajenga miaka ishirini, wanahamia, kumbe hawajui kukaa na yule waliyejenga naye. Kule Scarborough tulizungumza mambo ambayo zamu za kazi hazikuwahi kuyapa nafasi: mahari ya binti yetu, deni la ndugu wa mume wangu ambalo sikulijua, kama tutarudi Mombasa kweli au tunasema tu. Mengine hatukuyamaliza. Kisha tulikuwa tunanyamaza kwa muda mrefu, na kimya chenyewe hakikuwa cha kununiana.

Basi jibu langu kwa swali lenu la pili ni ndiyo, tulirudi tumepumzika. Mwakani tumeshaafikiana wiki ileile. Wanetu waliposikia wakasema na wao wangependa kuja, na wajukuu, tupange nyumba kubwa, mama apike biriani. Baba yao aliwajibu kabla yangu: hapana.