Maswali ya wasomaji: Kempa ya pikapu, nini uagize kiwandani na nini uache

Barua za safari hii zinatoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinahusu kempa, yaani kile kibanda cha kulala kinachokaa nyuma ya pikapu, chenye kitanda, jiko na friji. Tumeanza na barua ndefu kuliko zote, maana majibu yake yanawagusa wengi.

Wahariri, hongereni kwa kazi. Mimi na mke wangu tunaishi Iringa na tumeweka oda ya kempa ya Hilux yetu dabo kebini. Kempa tupu ina kilo 380. Fundi ametuletea fomu ya nyongeza tuchague: miguu ya kuishushia, betri mbili za asidi, sola ya wati 200, choo, hita ya dizeli, turubai la kivuli, friji, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6, tairi ya akiba ya pili, tangi la maji la lita 60. Huwa tunakwenda Ruaha, Kitulo na Matema, hadi siku nne mfululizo. Kibao cha gari kinasema uzito wa juu kabisa ni kilo 2,910. Nimelipima tupu likiwa na tangi la mafuta limejaa, kilo 2,040. Tuchukue nini? (Msomaji, Iringa)

Ndugu, umefanya jambo ambalo wengi hulikumbuka kempa ikiwa imeshafungwa: umepima gari kwanza. Basi fomu hiyo isomeni kwa kilo, bei ifuate baadaye.

Kilo 2,910 ukitoa 2,040 unabaki na 870. Kempa inachukua 380, ninyi wawili tuseme 150, maji 60. Zimebaki 280. Sasa jumlisha: miguu minne 70, betri mbili 56, paneli za sola 13, friji na chakula chake 35, jiko 5, mtungi uliojaa 14, choo na maji yake 18, hita na dizeli yake 18, turubai 20, tairi 28, nguo, matandiko na sufuria 60, jeki, kamba na spana 30. Jumla ni kilo 367. Mmezidi kwa 87, na bado hamjasimama kununua mkungu wa ndizi Tukuyu.

Cha kwanza kukata ni miguu. Kama pikapu inabeba viazi au mbao katikati ya wiki, agiza miguu ya kuchomoa, ibaki nyumbani, lakini vishikio vyake vifungwe kwenye fremu huko huko kiwandani. Kama kempa haitashuka mara kwa mara, miguu iache kabisa. Badala ya betri mbili za asidi, weka moja ya lithiamu ya Ah 100 (Ah ni ampea kwa saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). Uzito unashuka kutoka kilo 56 hadi 13 hivi, na umeme unaoweza kuutumia haupungui, kwa sababu betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Tairi ya pili iache, beba vifaa vya kuziba pancha na pampu ya upepo. Choo cha kubebeka mtanunua dukani siku mtakapokihitaji, hakihitaji tundu ukutani. Tangi lifanyeni la lita 40, na muwe na dumu moja tupu la kujaza mkikaribia kambi. Kwa maji yaliyopungua, zile 280 zimekuwa 300. Sasa nyongeza zimekuwa kilo 208, na mnabakiwa na 92 za akiba. Hiyo ni kama asilimia kumi ya zile kilo 870 gari linazoweza kubeba, na hatushauri mtu yeyote aende chini ya hapo.

Hesabu ya jumla ikikaa sawa, bado kuna hesabu ya ekseli. Ndoo ya dabo kebini ina urefu wa mita 1.5 tu, kwa hiyo kempa inaning'inia nyuma. Kitu cha kilo 50 kikikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, gari lenye mita 3.1 kati ya ekseli linapunguziwa kilo 16 mbele, na ekseli ya nyuma inabeba 66. Weka friji, betri na mtungi huko mwishoni mlangoni, usukani utakuwa mwepesi, na ukiteremka Kitonga matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki, yatakosa uzito wa kushika lami. Chasisi nayo hupinda au hupasuka nyuma kidogo ya kebini, hasa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ile ya kuelekea Ruaha. Kwa hiyo andikeni kwenye oda, kwa maneno: tangi la maji, betri na friji vikae upande wa kebini, chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Mkataeni fundi anayetaka kutibu uzito wa nyuma kwa mifuko ya upepo kwenye springi. Mifuko inainua gari lionekane limekaa sawa, lakini inausukumia uzito wote sehemu moja ya chasisi, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Kama springi zimelala, ongezeni jani la springi na shokapu za kazi, mkijua kwamba uwezo ulioandikwa kwenye kibao haubadiliki kwa hilo.

Siku ya kuchukua kempa, ipelekeni mizani ya kiwanda chochote cha mbao au chai kinachopima malori. Pandisheni matairi ya mbele tu, mwandike; kisha gari zima; kisha ya nyuma tu. Mbele pakipungua zaidi ya kilo 50 kutoka kwenye kipimo cha gari tupu, rudini kwa fundi siku hiyo hiyo.

Fedha mtakayookoa ipelekeni kwenye vitu visivyoweza kuongezwa baadaye bila kubomoa: foamu ya kuzuia baridi ndani ya kuta na paa, unene usiopungua milimita 30; mabomba matupu ya kupitishia nyaya, hata kama nyaya zenyewe bado; vipande vya alumini vilivyozikwa ukutani mahali turubai na paneli zitakapofungwa; na matundu ya madirisha. Turubai la kivuli lenyewe linaweza kusubiri mwaka mzima, ukuta wa kulibeba hauwezi.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu Makete. Baridi ya Juni na Julai huku mnaijua. Hita ya dizeli ni ghali, na wenzangu wananiambia jiko la mkaa linatosha kupasha kempa kabla ya kulala. Mnasemaje? (Mwalimu, Makete)

Mwalimu, tafadhali usiingize jiko la mkaa ndani ya kempa, hata kwa dakika kumi, hata likiwa limeshika na halina moshi. Mkaa uliokolea ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, nayo haina harufu wala rangi. Chumba cha nyumba ya tofali kina mianya. Kempa mpya imezibwa kwa raba pande zote. Anayelala humo anaumwa kichwa kidogo, anadhani ni uchovu wa safari, analala, na haamki. Uwe na hita au usiwe nayo, funga kengele ya kaboni monoksidi karibu na kitanda. Ni kitu kidogo cha betri, na katika fomu nzima hakuna kinachostahili fedha yako kuliko hicho.

Hita ya dizeli ni salama kwa sababu hewa ya kuunguzia inaivuta kutoka nje na moshi inautoa nje, bila kuchanganyika na hewa unayovuta wewe. Kwa kempa ya watu wawili chukua ya kilowati 2. Kubwa zaidi itafanya kazi kwa moto mdogo muda wote, na moto mdogo ndio unaojaza masizi. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: inajirekebisha kwa mwinuko? Hita nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya chini ya mita 1,500 hivi. Kitulo iko kama mita 2,600, ambako hewa ni pungufu kwa karibu robo, lakini pampu inaendelea kuleta dizeli ile ile. Mafuta yanazidi hewa, moshi unakuwa mweusi, plagi ya kuwashia inazibwa na masizi, na asubuhi ya tatu hita inagoma kuwaka. Agiza yenye kitambuzi cha mwinuko, au ambayo kiasi cha pampu kinapunguzwa kwenye swichi yake. Kila siku, kabla ya kuizima, ipeleke moto wa juu dakika 15 iunguze masizi. Bomba la moshi lielekezwe chini, upande usio na mlango wala dirisha.

Kumbuka vilevile mtungi wa gesi. Kisanduku chake kizibwe kabisa upande wa ndani na kiwe na tundu chini, sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hushuka. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Likitoa mapovu, kaza upya au badilisha mpira.

Mimi nipo Mbeya mjini. Nikichukua lithiamu, sola ya wati 200 inatosha, au niongeze? Na ni kweli lithiamu huharibika kwa baridi? (Msomaji, Mbeya)

Kaka, anza na matumizi. Friji ya lita 40 ya volti 12 inavuta ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na hufanya kazi kama theluthi ya siku: Ah 32. Hita saa nane za usiku, 12. Feni na pampu ya maji 4, simu mbili 3, taa 2. Jumla Ah 53 kwa siku.

Huku kwetu baridi na kiangazi vinakuja pamoja. Juni na Julai anga ni safi, na ingawa jua la adhuhuri linakuwa limeelekea kaskazini, wati 200 zilizolala juu ya paa zitakupa kama Ah 55. Machi ndio mwezi mgumu: mawingu ya Rungwe yakitanda, utapata theluthi ya hapo au pungufu. Kuongeza paneli hakusaidii sana, maana mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Ongeza chaja ya kutoka betri ya gari kwenda betri ya kempa, ya ampea 30. Saa mbili za barabarani zinatosha kujaza matumizi ya siku. Usikubali kuunganishiwa kwa rilei (swichi ya umeme) peke yake, lithiamu huvuta umeme mwingi mno na oltaneta huungua.

Waya ndio mahali mafundi wanapobania. Kutoka boneti hadi kempa ni mita 6, kwenda na kurudi 12. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, ampea 30 zinapoteza volti 1 nzima njiani. Kwa wa milimita 16 zinapoteza 0.4. Andika 16 kwenye oda, na fyuzi ya ampea 50 karibu na kila betri, kwa sababu waya huo una umeme pande zote mbili.

Kuhusu baridi, ni kweli kwa upande wa kuchaji. Seli zikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hugandia kwenye upande wa hasi kama utando wa chuma, na uwezo unaopotea hapo haurudi. Kutumia umeme wake kwenye baridi hiyo hakuna shida. Agiza betri inayokata chaji yenyewe ikipoa, na ikae ndani ya kempa, chini ya kitanda, isifungwe nje kwenye chasisi. Alfajiri za Kitulo, majani yakiwa meupe kwa barafu, mle ndani mlimolala watu wawili huwa bado pako juu ya sifuri.

Tukuyu mvua haina mapumziko. Nichukue paa la kuinuka lenye turubai au la kuta ngumu? (Mama wa watoto wawili, Rungwe)

Mama, kwa Rungwe kuta ngumu. Turubai likifungwa likiwa bichi, baada ya siku mbili tatu linaanza madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki. Na unyevu hautoki nje tu: watu wazima wawili kwa usiku mmoja hutoa kwa pumzi na jasho maji ya nusu lita au zaidi, nanyi mko wanne. Acheni dirisha moja wazi vidole viwili, na tundu la paa vilevile, hata kwenye baridi. Fremu ya alumini isiyofunikwa kwa foamu itatiririka maji kila asubuhi, kwa hiyo ikagueni kabla mbao za ndani hazijapigiliwa.

Hasara ya kuta ngumu ni kimo. Pima geti la nyumbani na la kila gesti unayoizoea kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Kempa niliyoazimwa inajaa vumbi. Yangu niagize vipi? Na rangi ina maana yoyote? (Msomaji, Makambako)

Vumbi huingia kwa nyuma, kwa sababu gari linapokimbia hewa nyuma yake inakuwa nyepesi na inalivuta kupitia mlango. Agiza raba mbili kwenye mlango, na tundu la paa linalofunguka kuelekea mbele lenye kichujio. Ukiwa barabara ya vumbi lifungue, hewa ijae ndani na isukume kutoka. Tundu la kupumulia la friji lisiwekwe ukuta wa nyuma.

Rangi ina maana kubwa ukienda Ruaha. Mbung'o hufuata buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chagua nyeupe au rangi ya mchanga, na nyavu za madirisha ziwe za kufunga kwa fremu. Zile za kubandika kwa gundi hubanduka kwa joto la Ruaha, na ukifika Matema mbu wanaingia.