Zambarau Ilinidanganya Miezi Minne

Jana jioni, nikiwa kwenye matatu ya Rongai, dada mmoja wa uzamili alinitumia ujumbe. Dondoo lake la majani, yaani dawa aliyoikamua kutoka kwenye majani, limepandisha uhai wa seli hadi asilimia 130 ya seli zisizopewa dawa. Akauliza, aandike kwamba dawa inazistawisha? Moyo uliniuma, kwa sababu mimi niliandika hivyo hivyo.

Nilikuwa napima majani ya mwarobaini kwa seli za HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabarani, katika maabara moja hapa Nairobi. Nilitumia MTT, kipimo cha uhai wa seli alichokichapisha mtafiti Mosmann mwaka 1983. Seli hai huigeuza rangi yake ya manjano kuwa fuwele za zambarau, unaziyeyusha kwa kiyeyusho kiitwacho DMSO, kisha unasoma ukolezi wa rangi kwa mwanga wa nanomita 570. Kila nilipoongeza dozi, zambarau ilikolea. Nikachora grafu na kusimama mbele ya jopo nimenyoosha shingo.

Mzee mmoja akauliza, "Binti yangu, visima visivyo na seli, vile vishimo vya sahani ya kipimo, viko wapi?"

Sikuwa navyo. Kesho yake niliweka dondoo na MTT tu, bila seli hata moja. Zambarau ile ile! Mwarobaini una kwesetini, kemikali ya mimea, nayo huigeuza MTT kuwa zambarau hata bila seli. Msimamizi wangu alikuwa ameziona grafu zile kila wiki, akanyamaza. Hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Kwa hiyo weka visima visivyo na seli. Osha seli ili kuondoa dondoo kabla ya kutia MTT. Na usisahau kwamba MTT haihesabu walio hai. Inapima utendaji wa kemia ndani ya seli. Seli iliyodumaa bila kufa nayo hutoa zambarau hafifu.

Tafuta shahidi wa pili. Rangi ya tripani bluu ni rahisi: seli iliyokufa huinywa, iliyo hai huikataa. Ila seli iliyoanza kujiua, ile apoptosisi waliyoipa jina Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972, utando wake bado mzima, hivyo tripani itakuambia iko hai. Hapo ndipo protini ya aneksini V inapohitajika, kwani hunasa fosfatidilserini, mafuta ya utando wa seli, iliyogeukia nje ya utando.

Ndugu zangu, tuache kuipenda grafu kwa sababu inapanda. Mama zetu wanachemsha mwarobaini huu na kuunywa.

Dada, usifute data yako. Jumatatu weka visima vitatu vya dondoo na MTT bila seli, subiri kwa muda wa saa nne, kisha unitumie picha.