Jibu: Mkojo unanitoka nikikohoa tangu nijifungue

Pole sana mdogo wangu. Huo si uchafu, na wala hujazeeka. Misuli ya nyonga inayobeba kibofu imelegea, kwa hiyo ukikohoa au ukiinua ndoo, tumbo linakisukuma kibofu na njia ya mkojo haifungi sawasawa.

Kaza misuli kama mtu anayezuia ushuzi, shikilia hadi sekunde 10, achia. Mara 8, kutwa mara 3. Usibane pumzi. Mimi nilikuwa nafanya nikichambua mchele; nafuu niliiona mwezi wa 3 tangu nianze mazoezi, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Maji usijinyime.

Ila kama unavuja mchana na usiku bila hata kukohoa, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo mazoezi hayaitibu, wahi hospitali. Hospitali ya CCBRT, Dar, wanaitibu bure.