Usiku miguu inawaka moto, mchana naonekana mzima

SWALI: Habari dokta. Mimi mwanaume wa miaka 54, nina kisukari mwaka wa 11 sasa na natumia metformini asubuhi na jioni. Shida yangu ni miguu. Mchana naenda nayo hivohivo ila nikipanda kitandani tu nyayo zinaanza kuwaka kama nimekanyaga makaa, halafu zinakuja zile shoti za umeme kwenye kidole gumba, shuka likinigusa tu naruka, siku hizi nalala miguu ikiwa nje. Nimemeza parasetamoli, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo limechoka. Nilipokwenda kliniki nikaambiwa hiyo ni sukari, zoea tu. Kweli hakuna dawa?

JIBU: Kaka yangu pole sana, na dawa ipo. Huyo aliyekwambia uzoee nusu kasema kweli, maana ni sukari kweli, ila hiyo nusu ya kuzoea angebaki nayo mwenyewe.

Iko hivi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva (mishipa ya fahamu) zenyewe na inaharibu pia vile vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazoshuka mpaka vidole vya miguu, kwa hiyo zinaumia za kwanza. Ndo maana inaanza chini, miguu yote miwili, inapanda taratibu kama mtu anavaa soksi, na ikishakaribia magoti mara nyingi vidole vya mikono navyo vinaanza. Sasa neva iliyoumia inatuma taarifa za uongo, inauambia ubongo kuna moto wakati unyayo ukiushika ni wa baridi kabisa. Parasetamoli na diklofenaki zimetengenezwa kwa maumivu ya jeraha au uvimbe, hapa hakuna jeraha, waya wenyewe ndo mbovu, kwa hiyo utameza boksi zima na usiku utakuwa macho vilevile. Na diklofenaki nakuomba uiache, figo za mtu mwenye kisukari tayari zina kazi kubwa, usiziongezee.

Dawa zinazofanya kazi hapa ni za kutuliza neva: amitriptilini, dulokisetini, gabapentini na pregabalini. Utafungua boksi usome kile kikaratasi cha ndani ukute wameandika dawa ya sonona au dawa ya kifafa, hapo ndo wengi wanaitupa wakidhani dokta kawaona wamechanganyikiwa. Usiitupe, zinapunguza kelele kwenye neva hata kama huna sonona wala kifafa. Mwaka 2022 kulitoka utafiti wa Uingereza wenye watu 130, wakalinganisha amitriptilini, dulokisetini na pregabalini, kwa kutuliza maumivu zikatoshana tu, na wale ambao moja haikuwatosha waliongezewa ya pili wakapata nafuu zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza dokta wako sio ipi kali, muulize ipi inakufaa wewe. Ukiwa na shida ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume inayokubania mkojo, amitriptilini inaweza isikufae. Figo zikiwa zimechoka, dozi ya gabapentini na pregabalini lazima ipunguzwe. Mwambie yote hayo hata asipouliza.

Halafu subira. Unaanza na dozi ndogo, amitriptilini kwa mfano mara nyingi ni miligramu 10 au 25 usiku, inapandishwa kidogokidogo, na unaipa wiki kadhaa kabla hujasema imeshindwa. Siku za mwanzo mdomo utakauka na asubuhi utaamka mzito, gabapentini na pregabalini zinaweza kukupa kizunguzungu au kuvimbisha miguu. Na usiziache ghafla. Matarajio yako yawe ya kweli pia, maumivu yakipungua kwa nusu tunahesabu tumefanya vizuri, wachache ndo yanawaisha kabisa.

Jambo moja ambalo kwenye barua yako limenishtua kidogo: metformini miaka 11. Ukiitumia muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua inaleta ganzi na kuwaka kulekule miguuni, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Omba kipimo cha damu. Ikikutwa imeshuka inatibika, na ingekuwa aibu kukumezesha dawa za neva miaka miwili kumbe ulihitaji vitamini. Kama unakunywa pombe mwambie dokta bila kuficha, nayo inaua neva.

Usiku huu wakati unasubiri miadi, chukua boksi gumu, litoboe pande mbili, liweke miguuni ndani ya shuka ili shuka likae juu ya boksi na vidole vyako vibaki huru chini. Inachekesha lakini watu wanalala. Maji ya kawaida ya baridi sawa, barafu hapana, maji ya moto hapana kabisa, sababu utaiona kwenye jibu linalofuata.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana kisukari cha siku nyingi, alikuwa analalamika miguu inawaka, dawa ya neva akaanza lakini akaiacha baada ya wiki 2. Sasa anasema amepona, haiwaki tena, anafurahi. Ila juzi alitoka bafuni mpaka sebuleni na ndala moja, nyingine imebaki njiani na hajui kama imemvuka. Nimecheka halafu nikaogopa. Ni kupona kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeogopa sawasawa. Mguu unaowaka unasumbua, ila mimi ninaouogopa ni ule ulionyamaza. Neva ikiumia inapiga kelele, ikifa inanyamaza, na mtu anadhani kapona. Ndala kuvuka bila mtu kujua maana yake nyayo hazipeleki tena habari, leo ni ndala, kesho ni msumari au maji yaliyochemka.

Mpeleke apimwe miguu, sio sukari peke yake. Watamgusa nyayo na uzi mdogo wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 huku kafumba macho aseme wapi anausikia, na kuna ile chuma ya kutetema wanaiweka kwenye kidole gumba. Hakuna sindano, dakika chache tu, na kila mwenye kisukari anatakiwa apimwe hivyo angalau mara 1 kwa mwaka.

Nyumbani kazi ni yako. Kila jioni kaa naye, shika mguu mmoja mmoja, angalia unyayo, kisigino na katikati ya vidole, akiwa peke yake aweke kioo chini aangalie. Kabla hajavaa kiatu mkono uingie kwanza ndani, nimeshatoa kifuniko cha kalamu kwenye kiatu cha mzee mmoja aliyekivaa siku nzima, soksi imelowa damu na yeye anapiga stori. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko na sio kwa mguu. Asitembee peku hata ndani, na zile ndala badilisha, mnunulie kiatu kilichofunika vidole na kisichobana. Sugu asizikate kwa wembe. Mafuta apake lakini sio katikati ya vidole, pale unyevu unaleta fangasi. Kikitokea kidonda chochote, hata kidogo kama punje, usisubiri wiki iishe. Na mguu mmoja ukivimba ukawa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, nenda siku hiyohiyo, mifupa inaweza kuwa inavunjikavunjika ndani na yeye anaendelea kuukanyaga.

SWALI: Dokta mi nina hasira. Nina miaka 29, sukari yangu ilikuwa mbaya, HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama 3) ilikuwa 13, nikaanza insulini nikajikaza kwelikweli ndani ya miezi 3 nikafika 7. Kila mtu ananipongeza, mimi ndo kwanza miguu imeanza kuchoma ambayo haijawahi kuchoma! Niache insulini?

JIBU: Dada yangu usiache. Hii ipo na ina maelezo: sukari iliyokaa juu sana muda mrefu ikishushwa kwa kasi, neva zinaweza kuamka na maumivu makali, kwa kawaida ndani ya wiki chache tangu ishuke. Haina maana umekosea wala kwamba insulini ni sumu. Wengi inapungua yenyewe kwa miezi kadhaa, wengine inachukua mwaka na zaidi, na wakati unasubiri zile dawa za neva nilizomtajia kaka hapo juu unaweza kuandikiwa na wewe. Ukirudisha sukari juu ili upate nafuu, utakuwa unaziharibu neva upya. Mwambie dokta wako hizo namba mbili, 13 na 7, pamoja na muda uliotumia, maana asipojua kasi hiyo anaweza kuhangaika kutafuta ugonjwa mwingine. Na uombe wakuangalie macho mapema, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, nayo inaweza kuchafuka kidogo sukari ikishuka kwa haraka hivyo, na kama ukisimama unaona giza au kizunguzungu hilo pia sema.