Mayonezi Imekatika? Usiitupe

Msomaji ameuliza kwa nini mayonezi yake hukatika, yaani mafuta hujitenga, kila akiitengeneza, na vipimo anavifuata. Vipimo havina kosa, dada. Kosa ni haraka.

Wengi hudhani mayonezi ni krimu, kumbe haina hata tone la maziwa. Ni mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno, yakatawanyika ndani ya maji kidogo ya kiini na siki. Kinachoyazuia yasiungane tena ni lesithini iliyomo kwenye kiini cha yai. Ukiyamimina mafuta kwa mkupuo, lesithini haiwahi kuyavika matone yote. Yanarudiana, na unabaki na uji mwepesi uliojaa mafuta.

Chukua kiini kimoja, kijiko cha chai cha haradali, kijiko cha chai cha siki au ndimu, chumvi kidogo, na mililita 200 za mafuta ya alizeti. Yai litoe kwenye friji mapema, ubaridi uishe. Piga vyote pamoja isipokuwa mafuta. Kisha mafuta yaingie tone kwa tone, na nikisema tone namaanisha tone, huku mkono haupumziki. Mchanganyiko ukipauka na uma ukaanza kuwa mzito mkononi, sasa yatiririshe membamba kama uzi. Ikizidi uzito, kijiko cha maji kinatosha kuilegeza.

Ikikatika, weka kiini kipya kwenye bakuli safi, halafu ile iliyoharibika irudishe humo tone kwa tone, kana kwamba ndiyo mafuta. Jamani, mayai na mafuta vina bei, msimwage!

Mafuta ya nazi yaacheni; huganda kwenye friji na kuikata mayonezi. Bakuli la alumini pia siyo, siki hulila na mayonezi ikageuka kijivu.

Yai humo ni bichi, kwa hiyo salmonela, bakteria wa kuharisha, si hadithi. Ifunike, ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku 3. Wajawazito na watoto wadogo wape ya dukani iliyotengenezwa kwa mayai yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Na ile chupa inayoshinda juani kwenye meza ya chipsi baada ya kufunguliwa, mimi siigusi, nanyi msiiguse.

Kwa saladi ya kabichi, kata kabichi nyembamba, inyunyizie chumvi, iache dakika 15, uikamue kwa nguvu ndipo utie mayonezi. Usipoikamua, maji yake yataijaza sahani kabla wageni hawajakaa.