Jinzi, buibui na rangi ya kupimiwa: maswali yenu kuhusu nguo zilizopauka

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kutia rangi nguo nyumbani. Tumechagua nne, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote yanayoharibu kazi hii.

Jinzi yangu nyeusi imepauka magotini na mapajani. Nilinunua pakiti ya rangi nyeusi, nikaichemsha kwenye sufuria ya nyumbani, ikatoka ya kijivu, ina mabaka na vidoa vyekundu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Sufuria ilikuwa ndogo na rangi ilikuwa haba. Pima jinzi ikiwa kavu: ya mtu mzima hucheza kati ya gramu 600 na 800. Kisha geuza pakiti usome inatosha nguo ya gramu ngapi. Nyeusi ndiyo inayokula rangi kuliko zote, kwa hiyo zidisha kipimo hicho mara mbili, la sivyo utapata kijivu tena. Maji nayo yawe mara 20 ya uzito wa nguo. Jinzi ya gramu 700 inataka lita 14. Ikibanana kwenye maji machache, rangi haifiki kwenye mikunjo, na hapo ndipo mabaka yanapotokea.

Vidoa vyekundu ni habari nyingine. Unga mweusi kwa kawaida ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na punje isiyoyeyuka ikinata kwenye nguo hujitokeza kwa rangi yake yenyewe. Koroga unga na maji ya moto kidogo mpaka uwe uji, ongeza yafike nusu lita, halafu chuja kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni.

Safari hii ifue jinzi kwa sabuni tu, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzuia rangi kama mafuta yanavyozuia maji. Usiikaushe, iingie majini ikiwa mbichi na imekunjuliwa. Pasha maji hadi vipovu vidogo vianze kupanda pembeni mwa sufuria, kiasi cha nyuzi 80, mimina rangi iliyochujwa, koroga, ndipo uizamishe nguo. Jinzi zinazovutika zisizidi nyuzi 60, kwani joto kali huua ule mvuto. Dakika 10 za kwanza usiondoke: geuza kwa mti bila kusimama, fungua miguu ya suruali, kandamiza mifuko itoe hewa. Baada ya robo saa tia chumvi ya kupikia, robo kilo kwa lita hizo 14, ukiiyeyusha kwanza na kuigawa mara mbili. Vuta nguo kando unapomimina. Chumvi ndiyo inayoisukuma rangi itoke majini iingie kwenye uzi. Ukiiweka mapema mno, rangi huvamia sehemu zilizo karibu na kuziacha nyingine.

Iache kwa jumla saa nzima, kisha ipoe humo humo. Nguo ikiwa imelowa huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa, hivyo kamua pindo, likaushe kwa pasi, ndipo uamue kama inatosha. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, halafu ya baridi, uanike kivulini. Mishono ya rangi ya chungwa usiihangaikie: uzi wake mara nyingi ni wa poliesta, hautabadilika. Na hiyo sufuria isirudi kupika wali.

Buibui langu jeusi limeungua jua mabegani, linaelekea ukahawia. Naweza kulitia rangi? (Mama wa Tanga)

Mama, kabla ya kutoa pesa, chomoa nyuzi mbili tatu upindoni, uzishike kwa kibanio juu ya sinia la bati na kuziwasha. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na kuacha tone gumu jeusi ambalo vidole haviwezi kulivunja. Mabuibui mengi ya siku hizi ni poliesta, na rangi ya pamba itaondoka yote kwenye maji ya kwanza ya kusuuza. Ipo rangi maalumu ya poliesta, lakini inataka maji yanayotokota kwa nusu saa au zaidi, na kitambaa laini kikipikwa hivyo kinaweza kubaki na mikunjo isiyosikia pasi. Sisi tungeliacha livaliwe nyumbani. Sare za shule za mchanganyiko wa poliesta na pamba ni vivyo hivyo: upande wa pamba unashika, wa poliesta unakataa, nyeusi inaishia kuwa ya majivu.

Nilinunua rangi ya batiki ya kupimiwa, nikaichanganya na maji ya moto na chumvi ili nitie shuka la pamba. Lilipendeza. Nilipolifua, rangi yote ilitoka! (Msomaji, Dodoma)

Kwa dalili hizo, uliuziwa ile rangi isiyoyeyuka kwenye maji matupu. Ilikaa juu ya shuka kama vumbi. Inahitaji kostiki soda na haidrosalfaiti, au haidro kwa kifupi, ndipo iyeyuke na kuingia ndani. Uwiano unaotumika sana ni kijiko 1 cha rangi, 1 cha kostiki na 2 vya haidro. Dukani uliza vyote vitatu pamoja. Muuzaji anayejua kazi yake atakuelewa mara moja.

Fanyia nje, penye hewa, watoto wakiwa mbali, umevaa glavu na miwani. Tumia ndoo ya plastiki. Kostiki hula alumini, huchemka nayo na kutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo sufuria za kawaida kaa nazo mbali kabisa. Mimina kostiki kwenye maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki, maana yataruka usoni. Haidro ihifadhiwe pakavu. Ikipata unyevu inaweza kupata moto yenyewe.

Mchanganyiko ukiwa tayari, ongeza maji ya moto ya kutosha kuzamisha shuka. Shuka liingie limelowa na libaki chini ya maji muda wote, ukiligeuza polepole, kwani kurusharusha maji huingiza hewa na kumaliza nguvu ya haidro. Usishangae rangi ya ndani ya ndoo kuwa tofauti na uliyonunua. Baada ya nusu saa litoe, likunjue, lianike kivulini dakika 20 hadi 30, uone rangi yenyewe ikijitokeza hewani. Hatua hiyo ndiyo inayoifunga. Suuza sana, kisha fua kwa sabuni na maji ya moto.

Nimeambiwa siki hushikisha rangi. Na fulana yangu ya pamba imerukiwa na jiki: nikiitia rangi, doa litafichika? (Kijana wa Mombasa)

Siki ina kazi yake kwenye sufu, hariri na nailoni. Kwenye pamba ni kupoteza siki. Ukitaka rangi ya pakiti idumu, fua nguo peke yake kwa maji baridi.

Doa la jiki halifichiki kwa rangi ileile ya fulana, kwa kuwa nguo nzima inakolea na doa linabaki nyuma. Nenda kwenye nyeusi au bluu iliyokoza sana. Kabla ya hapo suuza mara nne au tano mpaka harufu iishe, la sivyo jiki iliyobaki itaila na rangi mpya. Usimwagie siki ili kuikata: jiki na siki hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Doa likiwa dogo kama punje ya mchele, kalamu ya wino usiofutika ya rangi inayokaribiana inatosha.